Candida albicans isiyo na jeni ya BCR1 huota hifa lakini haijengi utando: ni nini hasa kinachoudhibiti?

MsomajiKuvu aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninaandaa semina ya shahada ya uzamili kuhusu namna jeni zinavyodhibiti uundaji wa bayofilamu, yaani utando wa vimelea, katika kuvu zinazosababisha magonjwa, na nimekwama mahali ambapo nadhani ndipo penye kiini cha mada yenyewe.

Kwa ninavyoelewa, Candida albicans hujenga utando wake kwa hatua. Kwanza seli za umbo la hamira hunata juu ya kitu fulani, kwa mfano ukuta wa ndani wa katheta au uso wa meno bandia. Kisha huongezeka na kuanza kuota hifa, zile nyuzi ndefu za kuvu. Baadaye jamii nzima ya seli hujifunika kwa matriksi inayonata, ambayo seli zenyewe huitoa, na hatimaye baadhi ya seli hubanduka na kwenda kuanzisha makazi mapya kwingineko. Kwa kuwa utando uliokomaa umejaa hifa, nilidhani jibu ni jepesi: jeni zinazoruhusu hifa ndizo zinazoruhusu utando. EFG1 inakubaliana na dhana hiyo, kwa sababu kuvu iliyoondolewa jeni hiyo hushindwa kuota hifa katika mazingira mengi, na utando pia haijengi. BCR1 ndiyo inayoniletea shida. Kuvu isiyo na BCR1 huota hifa ambazo ukizitazama kwa hadubini huoni kasoro, na bado utando hakuna.

Naomba msaada katika mambo mawili. Ikiwa hifa hazitoshi, ni kitu gani BCR1 inachokiongeza? Na je, ni halali kuitaja jeni moja kuwa ndiyo swichi ya utando, au nitakuwa nawapotosha wasikilizaji wangu?

Hadubini alijibu:

Ndugu MsomajiKuvu, umeshika mahali penyewe. Jibu la swali lako la kwanza lipo kwenye uso wa hifa, wala si kwenye umbo lake. Protini ya Bcr1, inayotengenezwa na jeni ya BCR1, hukaa ndani ya kiini cha seli na kushika DNA mbele ya jeni nyingine ili unukuzi wake, yaani kusomwa kwa jeni hadi protini yake itengenezwe, uanze. Miongoni mwa jeni zinazoitegemea zimo ALS1, ALS3 na HWP1, ambazo zote hutengeneza protini zinazopachikwa kwenye ukuta wa seli na kuchomoza nje, tayari kushika chochote kilicho jirani. Hifa isiyo na Bcr1 ni ndefu na imenyooka kama hifa nyingine yoyote, ila uso wake umepungukiwa na protini hizo za kunata.

Ukilifanya jaribio kwa mikono yako utaliona jambo hili bila hata hadubini. Kipande kidogo cha silikoni hulowekwa kwenye seramu usiku kucha, kisha huwekwa pamoja na seli za kuvu kwa dakika 90 katika nyuzijoto 37 ili seli zinate. Hapo huoshwa kwa maji ya chumvi yenye bafa ili zile zisizonata ziondoke, kikatiwa kioevu kipya cha kuoteshea na kuachwa kikitikiswa taratibu kwa siku mbili hivi. Kuvu ya kawaida hukivika kipande hicho utando mzito, mweupe, ambao hubaki mahali pake hata ukikiinua kwa koleo. Ile isiyo na BCR1 hukiacha kipande kikiwa karibu kitupu, na kioevu ndicho kinachochafuka kwa vishada vya hifa vinavyoelea. Hifa zimeota kweli, lakini hazikukaa.

Clarissa Nobile na Aaron Mitchell ndio walioieleza Bcr1 kwa namna hii mwaka 2005. Mwaka uliofuata kundi hilohilo lilionyesha jambo ambalo kwangu ni ushahidi mzito kuliko wote: walipoilazimisha ALS3 ifanye kazi kwa wingi ndani ya kuvu isiyo na BCR1, utando ulirudi. Maana yake ni kwamba Bcr1 haina mkono wake yenyewe katika kujenga. Kazi yake ni kuhakikisha vifaa vya kunata vipo kwenye uso, na ukivileta kwa njia nyingine unaweza kuikwepa.

Kuna jaribio jingine, la mwaka 2008, ambalo usiache kulitaja kwenye semina. Kuvu iliyokosa ALS1 na ALS3 kwa pamoja haijengi utando, na iliyokosa HWP1 nayo ina kasoro kubwa. Zilipochanganywa katika chombo kimoja, zilijenga utando wa pamoja. Tafsiri yake ni kwamba protini za Als zilizo juu ya seli moja hushikana na Hwp1 iliyo juu ya seli nyingine, kwa hiyo kila upande ulileta kile ambacho mwenzake hakuwa nacho. Ndipo inapoonekana kwamba kunata kunakohitajika ni kwa namna mbili, yaani seli kwa silikoni na seli kwa seli, na jeni zilezile zinaweza kuhusika katika zote mbili.

Kuhusu swichi, nakushauri neno hilo uliache. Mwaka 2012 Nobile, akiwa pamoja na Alexander Johnson na wenzao katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walipima aina 165 za C. albicans, kila moja ikiwa imeondolewa kidhibiti kimoja cha unukuzi, na wakabaki na sita ambazo bila kidhibiti chake utando haukujengeka ipasavyo. Jeni hizo ni BCR1, BRG1, EFG1, NDT80, ROB1 na TEC1. Walipofuatilia mahali kila protini inaposhika DNA, waligundua kwamba kwa pamoja zinafikia jeni takriban 1,000, katika kuvu yenye jeni zipatazo 6,000. Lililonivutia zaidi ni kwamba kila kidhibiti hushika pia sehemu za mbele za jeni za vidhibiti wenzake, kiasi kwamba ukiuchora mtandao huo kwenye karatasi hutapata mkuu mmoja aliye juu ya wengine. Efg1 inaitegemea Brg1, Brg1 nayo inamtegemea mwingine, na mstari unarudi ulikoanzia. Mwaka 2015 kundi hilo liliongeza vidhibiti vitatu, Flo8, Gal4 na Rfx2, baada ya kuutazama utando katika nyakati mbalimbali za ukuaji wake badala ya mwisho tu, na idadi ikafika tisa.

Usisahau upande wa breki. Nrg1, ikishirikiana na Tup1, hukaa mbele ya jeni za hifa na kuzizuia. Ili hifa ziendelee kurefuka, Nrg1 lazima iondoke na isirudi, na hapo Brg1 huleta kimeng'enya kiitwacho Hda1, ambacho hubadilisha namna DNA ilivyojifunga kwenye histoni, protini ambazo DNA huzizunguka, hata Nrg1 ikakosa pa kushika. Breki nyingine hutoka kwa seli zenyewe: zikiwa nyingi mahali pamoja hutoa farnesoli, kemikali inayozuia seli za hamira zisigeuke kuwa hifa. Ndiyo maana idadi ya seli unazoanza nazo inaweza kubadilisha matokeo ya jaribio lako, ingawa jeni ni zilezile.

TabibuWaWodi alijibu:

Nakubaliana na ndugu Hadubini kuhusu kunata, ila ningeomba semina isiishie hapo. Kinachotusumbua kitandani kwa mgonjwa ni dawa kushindwa kufanya kazi, na hilo nalo lina jeni zake.

Kiwango cha flukonazoli, dawa ya kuvu, kinachozuia seli zinazoelea kwenye kioevu hakiuwezi utando uliokomaa wa kuvu ileile, hata kikiongezwa mara mia kadhaa. Watu wengi hudhani sababu ni pampu zinazoitoa dawa nje ya seli, zile zinazotengenezwa na CDR1, CDR2 na MDR1, na ni kweli kwamba jeni hizo huwashwa mapema seli zinaponata. Hata hivyo, ilionyeshwa mwaka 2002 kwamba kuvu iliyoondolewa pampu hizo, ambayo ikielea huuawa au kuzuiwa kwa urahisi, bado husalimika ikiwa ndani ya utando uliokomaa. Pampu zina umuhimu katika saa za mwanzo, kisha ulinzi huhamia kwingine.

Unahamia kwenye matriksi. Kwa uzito, sehemu kubwa ya matriksi ni protini, ikifuatiwa na wanga, kisha lipidi, na DNA iliyomwagika kutoka kwenye seli ikiwa sehemu ndogo. Wanga unaotuhusu zaidi ni glukani ya beta-1,3, ileile inayojenga ukuta wa seli, na kimeng'enya kinachoitengeneza hutokana na jeni ya FKS1. Watafiti walipopunguza nguvu ya FKS1 kwa kuondoa nakala moja kati ya mbili, seli zinazoelea hazikuonyesha tofauti kubwa mbele ya flukonazoli, lakini utando wake ulidhoofika na dawa ikaanza kuuweza. Flukonazoli iliyotiwa alama ya mnururisho ilikutwa imenaswa ndani ya matriksi, kabla ya kufika mahali inapotakiwa kufanya kazi. Vimeng'enya vitatu vingine, Bgl2, Phr1 na Xog1, vinahitajika ili glukani ifike kwenye matriksi na kupangwa huko. Ukiviondoa, seli hubaki na afya nzuri tu, ila ngao hupungua.

Kuna kidhibiti kinachofanya kazi kwa mwelekeo wa kinyume, nacho ni Zap1. Kazi yake inayojulikana zaidi ni kuiwezesha kuvu kupata madini ya zinki, lakini pia hupunguza glukani ya matriksi. Kuvu iliyoondolewa ZAP1 hujaza matriksi kupita kiasi, na miongoni mwa jeni zinazoongezeka nguvu hapo ni GCA1 na GCA2. Sijaona mfano ulio bora kuliko huu wa kuonyesha kwamba si kila jeni ya utando ni ya kuujenga. Nyingine zinaupimia kiasi.

Na kama jaribio la kuchanganya alilolieleza ndugu Hadubini limekugusa, liweke kando ya jingine la mwaka 2015. Mannani, wanga mwingine wa matriksi, huungana na glukani na kuwa kitu kimoja kinachoinasa dawa. Kuvu zilizokosa jeni za kutengeneza mannani hazikuwa na matriksi inayofaa, wala zilizokosa jeni za upande wa glukani, lakini zilipooteshwa pamoja matriksi ilikamilika na ulinzi dhidi ya dawa ukarudi. Kwa hiyo muungano huo unafanyika nje ya seli, kwa vitu vilivyotolewa na seli mbalimbali. Hili linanifanya niutazame utando kama mali ya jamii nzima, ambapo jeni ya seli moja inaweza kuilinda seli jirani isiyo nayo.

Kwa upande wa tiba, haya ndiyo yanayoeleza kwa nini mwongozo wa IDSA (Chama cha Magonjwa ya Kuambukiza cha Marekani) wa mwaka 2016 unataka katheta ya mshipa mkubwa iondolewe mapema iwezekanavyo inapodhaniwa kuwa ndiyo chanzo cha Candida kwenye damu, na mgonjwa aanzishiwe ekinokandini, kundi la dawa linalokizuia kile kimeng'enya cha Fks1. Ekinokandini na amfoterisini B iliyofungwa kwenye liposomu huufikia utando vizuri kuliko flukonazoli. Lakini mabadiliko katika maeneo fulani ya jeni ya FKS1 huleta usugu dhidi ya ekinokandini zenyewe, na hapo nafasi yetu ya kuchagua dawa hubana sana.

Jambo la mwisho kutoka kwangu ni kubanduka. Seli zinazoacha utando na kuingia kwenye damu kwa kawaida huwa za umbo la hamira, na hutoka zaidi kwenye tabaka za juu za hifa. NRG1 ikiongezewa nguvu, seli nyingi zaidi hubanduka; UME6 ikiongezewa nguvu, hifa hurefuka na kubanduka hupungua. PES1 nayo inahitajika ili seli hizo zizalishwe. Seli zilizobanduka hunata vizuri kuliko zile zilizokulia kwenye kioevu. Kwa mgonjwa, hatua hii ndiyo inayogeuza tatizo la kifaa kuwa tatizo la mwili mzima, na nasikitika kwamba mara nyingi hupewa aya moja tu mwishoni mwa mada.

MsomajiKuvu aliandika:

Nawashukuru sana, ndugu Hadubini na daktari. Majaribio mawili ya kuchanganya nitayaweka sambamba, kwa sababu yamenibadilishia kabisa namna nilivyokuwa nikiuelewa utando. Yamebaki mambo mawili. Je, mtandao huu wa vidhibiti sita au tisa ni wa kuvu zote zinazoleta magonjwa, au ni wa C. albicans peke yake? Na ikiwa vidhibiti vinajulikana kwa majina tangu mwaka 2012, kwa nini hatuna dawa inayovilenga?

Nasaba alijibu:

Nitajibu lile la kwanza, kwa kuwa kazi yangu ni kulinganisha jenomu. Kwa kifupi, hapana: kuvu mbalimbali zimefika kwenye utando kwa njia tofauti, na hata zile zenye jeni zinazofanana hazizitumii kwa namna moja.

Anza na Candida glabrata. Jina la Candida lisikudanganye, kwani kinasaba iko karibu zaidi na hamira ya kuokea mikate kuliko na C. albicans, na haioti hifa za kweli. Utando wake ni tabaka za seli za hamira zilizobanana. Inanata kwa familia ya jeni za EPA, na EPA6 ndiyo yenye uzito mkubwa katika utando. Nyingi za jeni hizo zimekaa karibu na ncha za kromosomu, mahali ambapo protini za Sir huzinyamazisha. Sasa tazama jinsi mazingira yanavyoingia katika hesabu. C. glabrata haiwezi kujitengenezea asidi ya nikotini, kwa hiyo hutegemea ile inayoipata kwa mwenyeji wake. Kwenye njia ya mkojo asidi hiyo ni haba. Ikipungua, NAD, kemikali ambayo seli huitengeneza kwa asidi hiyo, hupungua, na Sir2, ambayo haifanyi kazi bila NAD, hulegea. EPA6 inafunguka, na kuvu inaanza kunata. Hili lilichapishwa mwaka 2005, na hadi leo kila ninapolifundisha huona nyuso za wanafunzi zikibadilika, kwa sababu mnyororo wote, kuanzia vitamini iliyokosekana hadi seli iliyonata, unaonekana kiungo kwa kiungo.

Candida parapsilosis, inayojulikana kwa kuwasumbua watoto wachanga walio kwenye vyumba vya uangalizi maalumu, ina BCR1 na inaihitaji kwa utando, lakini baadhi ya vidhibiti vyake vikuu ni tofauti na vya C. albicans. Candida auris, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009 kutoka kwenye sikio la mgonjwa nchini Japani, ina protini ya kunata iitwayo Scf1 ambayo haifanani na zile za familia ya Als. Utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba Scf1 hutegemea sana chaji chanya za umeme zilizo kwenye protini hiyo, na kwamba kiasi chake hutofautiana kati ya vimelea vilivyotolewa kwa wagonjwa mbalimbali. Ukikumbuka jinsi kuvu hii inavyodumu kwenye ngozi na kwenye vifaa vya hospitali, utaona kwa nini jeni moja ya kunata inastahili kutafitiwa hivyo.

Ukitoka nje ya jamii ya hamira, picha inabadilika zaidi. Aspergillus fumigatus ni ukungu wa hifa tangu mwanzo, kwa hiyo swali la hamira kugeuka kuwa hifa halipo kabisa. Gundi yake ni wanga uitwao galaktosaminogalaktani, unaotengenezwa na kundi la jeni tano zilizokaa pamoja kwenye kromosomu moja, zikiwamo uge3 na agd3. Kimeng'enya cha Agd3 huondoa vikundi vya asetili kwenye sehemu ya wanga huo, nao hupata chaji chanya inayouwezesha kushika nyuso zenye chaji hasi. Kuvu iliyokosa uge3 hainati, na pia hubaki na glukani yake wazi mbele ya kinga ya mwili, hata uwezo wake wa kuwadhuru panya hupungua. Vidhibiti MedA na StuA ndivyo vinavyouongoza wanga huo. StuA ni ya familia moja ya protini na Efg1, ingawa jeni inazozitawala ni nyingine kabisa.

Hata ndani ya C. albicans yenyewe usifanye haraka. Kazi nyingi alizozitaja ndugu Hadubini zilifanywa kwa aina moja ya maabara, SC5314, na walipolinganisha vimelea kadhaa vilivyotolewa kwa wagonjwa waliona kwamba uzito wa kidhibiti kimojakimoja hutofautiana kati ya kimelea na kimelea. Na ule utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba jeni zilizo chini ya mtandao huo kwa sehemu kubwa ni changa katika historia ya viumbe, yaani zilitokea karibuni, huku jeni za kale zikiwa chache kuliko ilivyotarajiwa. Mtandao huu bado unabadilika, na nadhani ndiyo sababu tunakuta tofauti kubwa hivi kati ya ndugu wa karibu.

Hadubini alijibu:

Maelezo ya ndugu Nasaba yamenirahisishia sehemu ya pili. Protini nyingi zinazodhibiti unukuzi hazina mfuko wa ndani ambamo molekuli ndogo ya dawa inaweza kuingia na kukaa, kama walivyo navyo vimeng'enya. Hushika DNA na kushikana zenyewe kwa nyuso pana na tambarare, na uso wa namna hiyo ni mgumu kuuziba. Lipo tumaini kwa upande mmoja, kwa sababu familia ya Efg1 ipo kwa kuvu tu, na dawa itakayoilenga isingekuwa na mwenzake wa kumdhuru katika seli za binadamu. Linganisha na Hsp90, protini inayosaidia protini nyingine zikae katika umbo sahihi. Ilionyeshwa mwaka 2011 kwamba ikidhoofishwa, utando wa C. albicans na ule wa A. fumigatus huanza kuguswa na dawa ambazo kabla ya hapo haukuzijali. Lakini sisi nasi tuna Hsp90, na inafanana mno na ya kuvu, kwa hiyo kazi yote imehamia kwenye kutafuta molekuli inayobagua kati ya hizo mbili.

Njia iliyofika mbali zaidi kwa wagonjwa imepita kwenye uso wa seli. Chanjo ya NDV-3A imetengenezwa kwa sehemu ya protini ya Als3, na matokeo ya majaribio yake kwa wanawake wanaorudiwa mara kwa mara na maambukizi ya Candida ukeni yalichapishwa mwaka 2018. Ilivumilika vizuri, na katika uchambuzi wa wale walio chini ya umri wa miaka 40 waliochanjwa walikaa bila dalili kwa uwiano mkubwa kuliko waliopewa chanjo bandia. Ile protini ambayo Bcr1 huiwasha ili hifa inate ndiyo hiyo inayoonyeshwa kwa kinga ya mwili.

Naongeza tahadhari moja kwa kuwa umesema ni semina, na wasikilizaji watauliza. Usiyahamishe matokeo ya sahani ya plastiki kwenda mwilini moja kwa moja. Kuvu iliyokosa ALS3 peke yake haijengi utando kwenye silikoni maabara, lakini ilipowekwa kwenye katheta ndani ya mshipa wa panya ilijenga. Ilibidi ALS1 nayo iondolewe ndipo utando ukashindwa kujengeka huko pia. Mwilini kuna protini za damu zinazokivika kifaa, kuna mkondo, kuna seli za kinga, na jeni ambayo maabara uliiona ya ziada inaweza kuwa ndiyo inayobeba mzigo.

MsomajiKuvu aliandika:

Nimeelewa, na sehemu ya mwili nitaipa nafasi yake. Swali la vitendo la mwisho: msimamizi wangu anataka nirudie jaribio la kuchanganya lile la ALS na HWP1, kila upande ukiwa na protini inayong'aa kwa rangi yake ili tuone kwa hadubini ya leza nani amekaa wapi. Kuna jambo la kuangalia kabla sijaagiza jeni za rangi?

Hadubini alijibu:

Yapo mawili, na yote hutokana na maumbile ya kuvu hii. La kwanza ni kwamba C. albicans huisoma kodoni ya CTG, yaani herufi tatu za DNA zinazotaja asidi amino moja ya protini, kuwa serini badala ya lusini, karibu mara 97 katika 100. Jeni ya protini inayong'aa iliyotayarishwa kwa ajili ya bakteria au seli za binadamu ina kodoni hizo, na ukiipachika jinsi ilivyo utapata protini yenye serini mahali pasipotakiwa, ambayo huenda isingʼae kabisa. Agiza iliyoandikwa upya kwa ajili ya Candida, na kabla ya kulipia usome mfuatano wake mwenyewe uone kwamba hakuna CTG iliyobaki.

La pili ni URA3. Kuvu hii ina nakala mbili za kila kromosomu, kwa hiyo kila jeni unayoiondoa huondolewa mara mbili, na kuvu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa kutumia URA3 kama alama ya kuchagulia seli zilizobadilishwa. Nguvu ya URA3 hubadilika kulingana na mahali ilipopachikwa, na ikiwa dhaifu kuvu hudhoofika kwa sababu isiyohusiana na jeni unayoichunguza. Kama aina zako mbili zina URA3 mahali tofauti, tofauti utakayoiona kwenye utando haitakuwa na maana. Hakikisha imekaa mahali pamoja kwa zote, au utumie zilizotengenezwa kwa CRISPR, mbinu iliyoanza kutumika kwa C. albicans mwaka 2015 na inayokata nakala zote mbili kwa mkupuo mmoja. Kisha andaa aina ya tatu iliyorudishiwa HWP1, uioteshe kwenye sahani ileile na siku ileile pamoja na mchanganyiko wako.